Kina cha maji: kutoka magotini hadi kilindini

Masika yakizidi hapa Nairobi, kama mvua ile ya Aprili 2024 iliyoufurisha Mto Mathare, mtu akimpigia jirani simu huuliza: maji yamefika wapi? Hujibiwa kwa mwili. Yako kwa magoti. Yamefika kiunoni. Ni ya shingo. Hasikii mita, na hazihitaji, kwa kuwa akishaambiwa kiuno anajua kama atavuka au atangoja.

Ila ni kiuno cha nani? Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, yaani ya sisimizi. Maji yanayomfika mama magotini yanaweza kumfika mtoto wake kifuani, kwa hiyo onyo la "maji ya magoti" lingefaa litaje: magoti ya mtu mzima.

Jina la kipimo chenyewe ni kina, yaani umbali kutoka uso wa maji hadi chini. Kivumishi tunakiazima kwa mti na njia: kina kirefu, maji marefu, kina kifupi. (Kina cha shairi, kile chenye wingi wa vina, ni neno jingine.)

Maji yakipita kichwa, miguu haina kazi tena. Mikono ndiyo hupima. Pima moja ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kama mita 1.8. Baharia wa pwani hutia bildi, kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni. Risasi ikigusa chini, huivuta kamba akiinyoosha kifuani: pima moja, pima mbili, pima tatu. Kwa hiyo hata pale asipoweza kusimama, mwili wake bado ndio rula. Naye hukumbuka saa na mwezi, maana fungu la mchanga alilopita juu yake maji yalipojaa litamkwamisha yakipwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida.

Halafu kuna kilindi, na hapa wengi wetu wa bara huchanganya. Kina ni kipimo, hata beseni linacho. Kilindi ni mahali: pale penye maji marefu, palipozama chini kuliko pembeni. Ndiyo maana bandari ya Mombasa, zinakoshushwa kontena nyingi zinazokuja Nairobi, inaitwa Kilindini. Meli kubwa huingia humo bila tumbo lake kugusa mchanga.