Mafua ya paka: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Paka mzima mwenye afya akishikwa na mafua, mara nyingi hupona ndani ya wiki moja au mbili akitunzwa vizuri. Kinachoniuma ni wale wasiofika hapo kwa sababu ya mambo waliyofanyiwa na watu wanaowapenda: kidonge kilichobaki kwenye droo, kijiko cha dawa ya mitishamba, au kuachwa siku tatu bila kula kwa imani kwamba paka ana roho ngumu. Ninaishi kwenye fleti huku mtaa wa Umoja, Nairobi. Paka ni wengi na maneno kuwahusu ni mengi vilevile. Naanza na neno linaloua haraka kuliko yote.

"Mpe nusu ya Panadol"

"Mama Imani, huyo paka wako ana homa tu. Si umpe nusu ya Panadol alale?" Jirani aliyeniambia hivyo ni mtu mwenye huruma, ndiyo maana nilimjibu bila kuzunguka: "Mama Kelvin, hiyo nusu inaweza kumuua."

Panadol ni parasetamoli, na ini la binadamu lina kimeng'enya kinachoisaidia dawa hiyo kutoka mwilini salama. Paka ana upungufu mkubwa wa kimeng'enya hicho, kwa hiyo dawa inageuka sumu, inaharibu chembe nyekundu za damu, nazo zinashindwa kubeba oksijeni. Ukimfunua mdomo utaona ufizi uliokuwa wa waridi umekuwa wa kahawia au wa kibuluu. Uso na nyayo huvimba, na anahema mbiombio. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Akishameza, usingoje dalili. Mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, kwa sababu matibabu yapo lakini hufaa zaidi yakianza mapema. Ibuprofen na aspirini nazo zibaki kwenye droo.

Usimpe pia ile dawa ya tangawizi, limau, asali na kitunguu saumu tunayokunywa wenyewe tukibanwa na kifua. Kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, na kitunguu maji ni hivyo hivyo. Mafuta ya kuchua yenye kafuri usimpake kifuani: atajilamba, na kafuri ni sumu kwake.

"Ni baridi ya Julai tu"

Baridi haizai virusi. Visa vingi vya mafua ya paka vinatokana na virusi viwili: hepesi ya paka na kalisi ya paka. Kalisi ilitambuliwa New Zealand mwaka 1957, na hepesi ikatambuliwa Marekani mwaka uliofuata. Zote mbili husafiri kwa makamasi, machozi na mate. Chafya hurusha matone umbali wa mita moja au zaidi kidogo, lakini njia kubwa ni ile tusiyoiangalia: bakuli moja la chakula kwa paka watano, au mkono uliompapasa mgonjwa kisha ukampapasa mzima.

Hepesi ina tabia moja ambayo kila mwenye paka Nairobi anapaswa kuijua. Paka akishaambukizwa, kirusi hujificha kwenye mishipa ya fahamu ya kichwani na kukaa humo maisha yake yote. Akipata msukosuko, kinaamka. Sasa fikiria mwisho wa mwezi: mkokoteni mlangoni, godoro juu, sufuria juu, na paka ndani ya katoni iliyotobolewa matundu. Mnahamia Kayole au South B, na wiki moja hivi baadaye paka anaanza chafya na matongotongo. Mwenye nyumba mpya analaumiwa kwa vumbi na unyevu, kumbe ni kuhama kwenyewe. Kuletewa paka mgeni, kuachwa kwa watu wakati wa safari ya Krismasi au kuzaa kunaweza kuleta jambo lile lile, na katika siku hizo anaambukiza wenzake. Kama huwezi kuepuka kuhama, mtengee chumba kimoja siku za kwanza, mwekee blanketi lake lile lile bila kulifua, na umlishe kwa saa alizozoea.

Kwa hiyo ile kauli ya "ameshapona, hana neno tena" si ya kutegemea. Paka aliyeugua kalisi anaweza kuendelea kutoa virusi kwa wiki au miezi kadhaa huku akionekana mzima kabisa. Na paka jike aliyewahi kupata hepesi anaweza kuwaambukiza watoto wake akiwa ananyonyesha, kinga waliyoipata kwake ikiwa inapungua. Hao wadogo ndio wanaoumia sana. Wengine hupoteza jicho.

"Mtupe huyo paka, mtoto anakohoa"

Paka wengi hutupwa nje kwa sababu ya neno hili, na halina msingi. Hepesi na kalisi za paka haziambukizi binadamu. Mtoto aliyeshikwa na mafua ameyapata kwa watu, shuleni au kwenye matatu.

Kuna magonjwa mengine yanayovuka kati ya wanyama na watu. Homa ya ndege ya H5N1 imewaua paka katika nchi kadhaa, baadhi yao baada ya kula nyama mbichi ya kuku au kunywa maziwa mabichi yenye virusi, kwa hiyo usimlishe paka mabaki ya kuku aliyekufa mwenyewe. Na wakati wa UVIKO-19 ilithibitishwa kwamba watu waliwaambukiza paka wao.

"Asipokula mwache, njaa itamlazimisha"

Hapa ndipo ningependa usome polepole. Paka hula kwa pua kwanza. Pua ikiziba, omena (dagaa) iliyo mbele yake haina tofauti na kipande cha mbao. Kalisi inaongeza jambo lingine: vidonda kwenye ulimi na kaakaa. Utamwona anakuja kwenye sahani, anainama, anagusa chakula kwa ncha ya ulimi, kisha anarudi nyuma kwa ghafla huku mate yakidondoka kidevuni. Huyo hana maringo. Ana njaa na anaumwa. Wadogo wengine huchechemea pia, kwa sababu kirusi hicho huweza kuingia kwenye viungo.

Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, mwili unaanza kumimina mafuta kwenye ini kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, na ini linafeli. Paka mnene yuko hatarini zaidi, kinyume na wengi wanavyodhani kwamba ana akiba. Mafua yanayokwisha kwa wiki moja yanaweza kuishia hapo.

Unachoweza kufanya nyumbani ni hiki. Chovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, ulainishe makamasi yaliyokauka puani bila kuyachokonoa. Macho yafute kwa pamba nyingine, kila jicho na yake. Kaa naye bafuni dakika kumi hivi kukiwa na mvuke wa maji ya moto, beseni likiwa mahali asipoweza kulifikia. Kisha chemsha omena bila chumvi wala kitunguu, iponde iwe laini, umpe ikiwa na joto kama la mwili ili harufu ipande. Kijiko kimoja kila baada ya saa chache ni bora kuliko sahani iliyojaa. Usimlaze chali na kummiminia supu mdomoni. Ikiingia kwenye mapafu umempa nimonia. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wazima wengi, na mgonjwa hana maji ya kupoteza.

Akipita siku nzima bila kutia kitu mdomoni, tafuta daktari. Mtoto wa paka usimngojee hata hiyo siku. Na paka anayehema mdomo wazi ni wa dharura, hata kama ni usiku.

"Antibayotiki ya agroveti inatosha"

Antibayotiki, hata ile ya agroveti (duka la dawa za mifugo), haiui virusi. Makamasi yakiwa mazito na ya kijani, daktari anaweza kuona kwamba bakteria wamejiongeza juu ya virusi, akaandika doksisaiklini au nyingine. Kidonge hicho kifuatishe na maji kidogo au chakula, kwa sababu kikikwama kooni kinachoma. Dawa za macho ndizo zinazonitia hofu zaidi. Nyingi zina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na steroidi kwenye jicho lenye kidonda cha hepesi humharibia paka jicho. Asaiklovia, dawa ya hepesi ya binadamu, pia ni sumu kwake. Nairobi madaktari wapo: Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama kule Kabete, na daktari yeyote halali amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kumwomba namba yake ya usajili si utovu wa adabu.

"Wangu hatoki nje, chanjo ya nini?"

Virusi huingia kwa nguo na mikono yako. Chanjo huanza paka akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16, kisha nyingine kabla ya kutimiza mwaka au anapoutimiza. Baada ya hapo daktari atapanga, kila mwaka au hata miaka mitatu. Paka aliyechanjwa bado anaweza kuambukizwa, ila ugonjwa huwa mwepesi zaidi. Chanjo haiondoi hepesi iliyokwisha kujificha.

Usafi nao una makosa yake. Hepesi haimalizi siku moja nje ya mwili wa paka, lakini kalisi inaweza kukaa hadi mwezi sakafuni, na sanitaiza ya kawaida haiiwezi vizuri. Osha kwanza kwa sabuni, halafu tumia dawa ya klorini ya kufulia, vijiko viwili hadi vitatu vya mezani kwa lita moja ya maji, iache dakika kumi, suuza na ukaushe kabla paka hajarudi. Zile dawa za kuua viini zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji usizitumie anapokanyaga, kwa maana atazilamba kutoka kwenye nyayo na nyingi ni sumu kwake.

Paka mgeni mwekee chumba chake kwa wiki mbili au tatu, na bakuli na mchanga wake mwenyewe. Wa nyumbani walishwe kwanza, yeye awe wa mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni.