Rejista ya wakosaji wa ngono Marekani: siku tatu zinazompeleka mtu jela

Kwa kosa la ngono Marekani, kutoka gerezani hakumalizi kesi. Linabaki daftari la wakosaji, yaani rejista ambamo jina na anwani yako huandikwa. California ilianza na lake mwaka 1947. Mwaka 2006 ikaja sheria ya shirikisho, SORNA, iliyoweka kiwango cha chini kwa majimbo yote, ingawa mengi hayajaifuata kikamilifu. Hapo ndipo fujo huanzia.

SORNA ina madaraja matatu. La kwanza ni miaka 15 ya kubaki kwenye daftari, unaripoti mara moja kwa mwaka. La pili miaka 25, kila miezi 6. La tatu ni maisha, kila miezi 3. Mkosaji sugu hupandishwa: aliye daraja la kwanza akitenda kosa jingine zito la ngono huingia la pili, na wa pili huingia la tatu.

Ila wengi hawaangushwi na kosa jipya, huangushwa na anwani. Ukibadili jina, makazi, kazi au chuo, una siku 3 za kazi kwenda mwenyewe ofisi ya rejista. Simu haitoshi. Ukivuka mpaka wa jimbo bila kujiandikisha unakoenda, sheria ya shirikisho inaweza kukufunga hadi miaka 10.

California yenyewe inatoa siku 5 za kazi, na kila mwaka lazima uripoti ndani ya siku 5 za kazi za siku yako ya kuzaliwa. Asiye na makazi anaripoti kila siku 30, jambo ambalo kwangu ni mtego mtupu: mtu hana pa kulala, unamdai kalenda! Tangu 2021 jimbo hilo lina vipindi vya miaka 10, 20 na maisha, lakini miaka ikitimia jina halijifuti. Unawasilisha ombi mahakamani, na polisi na mwendesha mashtaka wanapewa nakala. Na kufutwa California hakukufuti kwingine. Ukihamia jimbo jingine, uliza sheria yake kabla ya kupakia mizigo.

Safari ya nje ya nchi inataka taarifa siku 21 kabla, pamoja na ratiba. Msiba nyumbani haungoji siku 21, kwa hiyo ripoti siku hiyohiyo upatapo habari, kabla ya kukata tiketi, na usiondoke ofisini bila risiti yenye tarehe.