Gilotini si kila kinachokata siga

Nimelisikia neno hili likiharibiwa mara nyingi nikanyamaza. Juzi, kwenye sendofu ya mpwa wangu pale Mwanjelwa, Mbeya, uvumilivu ukanishinda. Kaka wa bibi harusi, naye mpwa wangu, kijana aliyerudi safarini na kiboksi cha siga, alikuwa akizunguka meza ya wazee: "Mjomba, usikate kwa meno, gilotini ninayo." Akachomoa kwenye funguo zake kitu kama kifuniko cha kalamu, akakizungusha kwenye kichwa cha siga ya mzee wa upande wa bwana harusi, jani likapasuka hadi katikati. Meza nzima ikacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Nimefanya kazi na gilotini miaka 23, Uhindini, Iringa, kwenye chumba cha uchapaji, na kile alichokishika kijana hakikuwa gilotini.

Maana yake ni fupi. Gilotini ni chombo cha kukatia ambacho kisu chake hakizunguki wala hakiyumbi: kimeshikwa pande zote mbili, kinakwenda katika njia yake, na kinavuka kitu chote kwa pigo moja. Ile ya siga ni kibati cha kuweka mfukoni chenye tundu katikati. Unaingiza ncha ya siga tunduni, unabana, kisu kinapita. Na siga ni ile nene ya majani matupu, isiyo na karatasi; yenye karatasi ni sigara. Wapo wazee wanaoiita siga biri, na biri ni kitu kingine kabisa, cha Kihindi, hufungwa kwa uzi. Ugomvi huo una siku yake.

Neno lenyewe ni la Kifaransa, lakini sisi tulilipokea kwa Waingereza, na ushahidi uko kwenye herufi L. Mfaransa haitamki, kwake linasikika kama "giyotini". Linatokana na jina la mtu, Joseph-Ignace Guillotin, daktari aliyekuwa mbunge wakati wa mapinduzi ya Ufaransa. Hapa ndipo hata wanaojiona wasomi hujikwaa. Husema Guillotin ndiye aliyeibuni ile mashine ya kukatia watu vichwa, kisha huongeza kwa furaha kwamba yeye mwenyewe alikatwa nayo. Hakuibuni, na haikumkata. Alichofanya, Oktoba 1789, ni kupendekeza bungeni kwamba wanaohukumiwa kifo wauawe kwa namna moja, tajiri na fukara, kwa chombo kisichotesa. Kabla ya hapo mtu wa ukoo mkubwa alipewa heshima ya upanga, mnyonge akanyongwa au akavunjwa mifupa kwenye gurudumu.

Mashine yenyewe iliundwa kwa maelekezo ya daktari mwingine, mpasuaji Antoine Louis, na aliyeitengeneza alikuwa Mjerumani, Tobias Schmidt, fundi wa vinanda. Nampenda sana huyu fundi wa vinanda. Ilianza kazi Paris tarehe 25 Aprili 1792, kwa mnyang'anyi aliyeitwa Pelletier. Mwanzoni watu waliiita Louisette, kwa jina la Louis, na lingebaki hilo leo tungekuwa tunasema "luizeti". Likaganda la Guillotin, masikini, aliyekuwa akitafuta huruma. Alikufa kwa maradhi mwaka 1814, kichwa kikiwa mahali pake. Ufaransa iliendelea kuitumia hadi 1977, watu wa rika langu tukiwa tumeshazaliwa.

Sehemu inayonihusu zaidi ni ya karatasi. Ile mashine nzito inayokata rimu nzima kwa mara moja, ambayo mafundi wote wa uchapaji kuanzia Iringa hadi Tunduma wanaiita gilotini, Wafaransa hawaiiti hivyo. Wanaiita massicot, kwa jina la fundi wao Guillaume Massiquot, aliyeibuni miaka ya 1840. Ni Waingereza walioona kisu kikishuka wakakumbuka Paris. Nasi tukachukua jina kwao, ndiyo maana kijana wa Kihesa akiingia kazini siku ya kwanza anaambiwa, "Mnyalukolo, toa vidole kwenye gilotini," bila kujua anaonywa kwa jina la daktari wa kizungu wa karne ya 18.

Neno limefika hata bungeni Dodoma. Wakati wa bajeti, muda wa Kamati ya Matumizi ukiisha, mafungu yaliyobaki hupitishwa mfululizo bila mjadala, na hiyo nayo ni gilotini. Hilo sina ugomvi nalo. Limebeba maana ileile: pigo moja, na kilichobaki hakijadiliwi.

Sasa kero yangu. Ingia duka lolote la vifaa vya ofisi, Mafinga au Mbeya mjini, uliza gilotini. Utaletewa ule ubao wenye mistari, na kisu kirefu kilichofungwa bawaba upande mmoja, unachokishusha kwa mkono kama unafunga kitabu. Wauzaji wote wanaiita gilotini. Mimi nasema ule ni mkasi. Tazama unavyokata: kisu kinagusa karatasi karibu na bawaba, kisha mguso unatembea kwenda nje, karatasi inakatwa kidogo kidogo hadi mwisho. Ndivyo mkasi unavyofanya. Karatasi 3 zinakatika vizuri. Weka 30, ya juu na ya chini hazitalingana, kwa kuwa kisu kinazisukuma kadiri kinavyokwenda. Gilotini inazibana kwanza, ndipo inashusha kisu chote. Aliyewahi kurudishiwa kadi 500 za harusi zenye kingo za mshazari ataelewa kwa nini nasumbuka na jina.

Kwenye siga tofauti ni hiyohiyo, na athari zake ni hizohizo, ila kwa udogo. Upo mkasi wa siga, wenye visu vilivyopinda kufuata mwili wake. Ni mzuri kwa mwenye mkono uliotulia. Mkono ukitetemeka unakata mshazari. Ipo ya herufi V, inayochimba mfereji badala ya kukata bapa. Moshi unakusanyika katikati, ila ukikandamiza sana unachimba kuliko ulivyotaka. Na ipo panchi, ndiyo hiyo aliyokuwa nayo mpwa wangu: mrija mdogo wenye ukingo mkali, unaouzungusha ukatoboa tundu la duara, kama panchi ya ofisini inavyotoboa karatasi ya kuwekwa kwenye faili. Haikati kitu ikakivuka, inatoboa. Kuiita gilotini ni kama kuita sindano panga.

Panchi haina ubaya. Kwenye siga nene yenye kichwa cha mviringo inafanya kazi safi, na haiachi vipande vya tumbaku mdomoni. Lakini siga ya yule mzee ilikuwa imechongoka, ncha yake nyembamba kama ya penseli. Panchi inahitaji mahali pa kukaa. Ukiilazimisha juu ya ncha isiyoitosha, ukingo wake unalitanua jani hadi linachanika. Kijana angeijua kwa jina lake, angejua pia kwamba inatoboa tu, na pengine angeutazama mdomo wa panchi na ncha ya siga kabla ya kuzungusha. Siga iliyochongoka ndiyo hasa inayotaka gilotini.

Mezani alikuwapo mkulima wa tumbaku wa Chunya. Akaichukua ile siga, akaibonyeza kwa kidole gumba, akasema, "Hii imekauka mno, ingepasuka hata kwa wembe." Nusu ya kosa alilijua yeye. Tumbaku ya kwao hukaushwa kwa hewa ya moto kwenye mabani, vibanda vya kukaushia, na huishia kwenye sigara za kawaida. Jani la siga hukaushwa kwa hewa chini ya paa, kisha hurundikwa lichachuke. Lakini jani ni jani. Likitoka banini lazima liachwe livute unyevu kwanza, la sivyo linavunjika mkononi. Siga hutunzwa mahali penye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 hivi. Kiboksi cha kijana kilikuwa kimepita Makambako na upepo wake kwenye kiangazi, kimekaa juu ya dashibodi. Ikikauka hivyo, lowesha kichwa kidogo kwa midomo kabla ya kukata, na hata hapo omba Mungu.

Kuchagua gilotini ya siga, nitasema kama mtu wa karatasi. Kuna ya kisu kimoja na ya visu viwili. Ya kisu kimoja ndiyo inayofanana na ile ya Paris: kisu kinatoka upande mmoja, kinaisukuma siga kwenye ukingo wa pili, na kisipokuwa kikali kinaiminya kabla ya kuikata. Ya visu viwili, vinatoka kushoto na kulia vikakutana katikati, siga haina pa kukimbilia. Chagua hiyo. (Najua, ndiyo iliyo mbali zaidi na asili ya jina. Kinachoipa haki ya jina ni njia ya kisu, idadi haina neno.) Ifungue na uifunge mara kadhaa sikioni: ikigonga au kukwaruza, visu vimelegea. Vitikise kwa kidole, visicheze. Vikikutana, inua kwenye mwanga uone kama kuna mwanya. Halafu kata kipande cha gazeti. Gazeti ni laini na halina adabu, kisu butu kinalivuta na kulirarua badala ya kulikata. Kisu kikipita bila kulivuta, nunua.

Tundu nalo lipime. Unene wa siga huhesabiwa kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo ya namba 50 ina kama milimita 20, na ya 60 inakaribia 24. Zipo gilotini nyembamba za zawadi, zenye nembo ya kampuni, ambazo siga nene haiingii kabisa. Chuma kiwe kisichoshika kutu, maana kinakutana na mate kila siku. Ukimaliza, futa kwa kitambaa kikavu. Mimi mwenyewe sivuti, kifua changu kilishapata vumbi la karatasi la kukitosha. Lakini kisu ni kisu.

Na hapa jina la Paris linaleta balaa la pili. Kwa kuwa ni gilotini, watu wanadhani kazi yake ni kukata kichwa. Kichwa cha siga ni upande unaoingia mdomoni. Upande unaowashwa ndio mguu, ingawa mezani kwetu wawili waliwasha kichwa. Juu ya kichwa kuna kofia, kipande kidogo cha jani kilichobandikwa kwa gundi ya mimea ili jani la nje lisifunguke. Unachokata ni kofia, na si yote. Ukitazama vizuri utaona mstari mwembamba mahali kofia inapoishia. Kata juu ya mstari huo, kama milimita 2, kabla kichwa hakijaanza kunyooka kuwa mwili. Ukishuka chini yake, umekata kamba iliyoshika mzigo, na jani litajikunjua taratibu kama shuka iliyochomoka chini ya godoro. Kwa siga iliyochongoka, anza na kidogo. Kama moshi haupiti, rudia. Kukata tena unaweza, kurudisha ulichokata huwezi.

Pigo liwe moja na la haraka. Anayebana polepole kwa kuogopa ndiye anayeponda. Nilimwambia hivyo kila kijana niliyemfundisha mashine kubwa, wakati ule karatasi zikitujia kutoka kiwanda cha Mgololo: ukishaamua, shusha.

Yule mzee wa upande wa pili alikuwa muungwana. Alikata kipande kilichochanika kwa kisu cha nyama choma, akaendelea kuvuta kana kwamba hakuna kilichotokea. Mpwa wangu aliniandikia jana kuniuliza kama nimeiona gilotini yake, aliisahau mezani. Nimeiona, anko. Ni panchi, iko kwenye droo ya kabati la shangazi yako, na nimeifuta.