Mbwa Aliyeokotwa na Mtu Aliyeumia: Dhana Potofu na Ukweli

Inapotajwa habari ya manusura wa vita kukabidhiwa mbwa wa kuokotwa ili wasaidiane kupona, wasikilizaji hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaocheka, kwa kuwa mbwa koko kwao ni wa kupigwa mawe, na wapo wanaoguswa kupita kiasi hata wakaamini kwamba mnyama huyo huponya roho kwa kulala tu miguuni pa mtu. Makundi yote mawili yamekosea, na kwa maoni yangu la pili ndilo lenye hasara zaidi, maana ndilo linalochukua mbwa kwa pupa na kumrudisha barabarani kwa pupa ileile.

Dhana: Haya ni mambo ya Wazungu.

Mfano ulio karibu nasi uko Gulu, kaskazini mwa Uganda, na aliyeuanzisha ni mzaliwa wa huko huko. Francis Okello Oloya alipofuka akiwa na umri wa miaka 12, baada ya kulipukiwa na bomu lililoachwa ardhini katika vita kati ya serikali na waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) waliokuwa wakiongozwa na Joseph Kony. Akiwa mwanafunzi wa bweni asiyeona, safari ya kwenda chooni usiku ilikuwa mtihani, na waliomsindikiza gizani walikuwa mbwa wa pale shuleni waliomzoea. Baadaye alisomea saikolojia, na mwaka 2015 akaanzisha mradi unaoitwa Comfort Dog Project, akishirikiana na The BIG FIX Uganda, shirika linalotibu wanyama mjini Gulu.

Ili kuelewa kwa nini mradi huo ulihitajika, ni lazima kukumbuka vita yenyewe. Ilidumu takriban miaka 20, na ilipofikia kilele zaidi ya watu milioni moja na nusu walikuwa wakiishi katika kambi za wakimbizi wa ndani. Watoto walitekwa na kulazimishwa kubeba bunduki, na wale ambao hawajatekwa walitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala mjini, barazani na katika viwanja vya makanisa na hospitali, kisha wakarudi nyumbani kulipokucha. Waliotoroka msituni walipofika kwao, baadhi yao walipokelewa kwa kutazamwa kando, kana kwamba damu ilikuwa bado mikononi mwao. Mbwa hana habari ya msituni wala hamuulizi mtu alikotoka. Naye pia, kwa upande wake, alikuwa kiumbe cha jalalani anayefukuzwa kila mlango.

Dhana: Mbwa ni dawa, mpe mgonjwa mbwa, kiwewe kitakwisha.

Hapa ndipo penye upotoshaji mkubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Katika mradi wa Gulu, mtu hapewi mbwa kama anavyopewa vidonge dirishani. Mbwa huchunguzwa kwanza tabia yake, huchanjwa na kufungwa kizazi, na mlezi wake huhudhuria mafunzo ya kila wiki kwa miezi kadhaa pamoja na walezi wenzake, huku akipata pia ushauri nasaha. Wanaohitimu huwa mabalozi, wakienda vijijini na shuleni kuwaonyesha watu namna ya kuishi na mbwa bila mawe. Ukiitazama ratiba hiyo kwa makini utaona kwamba sehemu kubwa ya tiba imo ndani ya kazi yenyewe.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, huanza kwa kula ratiba ya mtu: haoni sababu ya kuamka, haoni sababu ya kuwasha jiko. Mbwa mwenye njaa huirudisha ratiba hiyo bila kubembeleza, kwa kuwa maji lazima yatekwe, chakula lazima kipatikane, na matembezi yana saa yake. Kisha kuna sauti. Mtu aliyezoea kufoka, au aliyekwisha kunyamaza kabisa, anamwambia mbwa «kaa» na mbwa hakai, anafoka na mbwa anajikunyata mkia katikati ya miguu. Ndipo anapojifunza kuishusha sauti, kurudia neno lilelile kwa utulivu, na kutoa kipande cha chakula papo hapo mbwa anapotii. Hakuna mshauri anayeweza kumwambia mtu «umefoka» waziwazi kama mkia ule unavyosema. Na kwa kuwa mafunzo ni ya kikundi, aliyekuwa akijificha nyumbani hujikuta anazungumza na jirani, kwanza habari za kupe na minyoo, baadaye habari nyingine.

Hata hivyo ushahidi unatutaka tuwe na kiasi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, uliwalinganisha askari wastaafu 141 wenye kiwewe cha vita, wengine wakiwa wamekwisha kupata mbwa wa huduma na wengine wakisubiri zamu. Waliokuwa na mbwa walionyesha dalili zilizopungua kwa kiasi cha kuonekana, lakini wengi wao bado walikuwa wagonjwa, na waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Mbwa hao hufundishwa kazi mahususi, kama vile kumwamsha mtu aliyeshikwa na jinamizi au kusimama nyuma yake kumkinga anapohofia umati. Anayemwachisha ndugu yake dawa kwa sababu amemletea mbwa anafanya hatari.

Dhana: Samaki mkunje angali mbichi, mbwa mzima hafundishiki.

Methali ni nzuri, ila haimhusu mbwa. Mbwa mzima hufundishika, na mara nyingi ana faida moja juu ya mtoto wa mbwa: tabia yake imekwisha kuonekana, kwa hiyo ni rahisi kujua anamfaa nani.

Dhana: Mtu aliyeharibikiwa atamtesa mnyama.

Hofu hii ina msingi, ndiyo maana miradi makini huwachuja watu na kuwafuatilia nyumbani. Lakini uzoefu wa muda mrefu unaikataa kama kanuni. Tangu mwaka 1981, katika gereza la wanawake lililoko Gig Harbor, jimbo la Washington, wafungwa wamekuwa wakiwafundisha mbwa, wakiwemo waliookolewa, ili wakawasaidie watu wenye ulemavu. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Basi na anayelelewa kwa upole huuchukua upole huo.

Dhana: Mbwa wa mitaani ni kichaa, tena ni najisi.

Kichaa cha mbwa ni virusi vinavyopita kwa mate, na chanjo huvizuia. Aliyeng'atwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya bila kungoja dalili, kwa kuwa zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Suala la najisi ni la fiqhi, na Mwislamu wa madhehebu ya Shafi anajua namna ya kujitwaharisha akiguswa na mate hayo. Anajua pia kwamba mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa mawindo ameruhusiwa, na kwamba imesimuliwa habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Dhana: Mbwa aliyeokolewa atakushukuru siku ileile.

Jike mmoja niliyemchukua alikaa chini ya meza siku nne. Nilipomsogelea kwa kumkazia macho alikojoa kwa hofu, na kosa lilikuwa langu, kwani kukaziwa macho na mgeni kwa mbwa ni tishio. Ajabu ni kwamba kutazamana huko huko, mazoea yakishajengeka, hupandisha oksitosini, homoni ya upendo na ukaribu, kwa mtu na kwa mbwa pia, kama watafiti wa Japani walivyoonyesha mwaka 2015. Nilianza kukaa sakafuni nikimpa ubavu, mkono ukiwa wazi juu ya goti, bakuli la ugali na dagaa nikilivuta hatua moja karibu nami kila jioni. Jioni ya tisa alikula pua yake ikigusa kidole changu, kisha akarudi chini ya meza.