Programu ya bure ya kuchora bodi za saketi si ya kujifunzia tu

Wanafunzi wengi wa elektroniki huambiwa kwamba programu ya bure ya kusanifu bodi za saketi ni ya mazoezi, na anayetaka bodi ya kweli sharti alipie leseni ya bei kali au atafute kopi ya wizi. Si kweli, na inaniuma kuona mtu akiingiza virusi kwenye kompyuta yake bila sababu.

Chukua KiCad. Ilianzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras, na tangu 2013 CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva, kimesaidia kuiendeleza. Hailipiwi, na bodi uliyoichora unaruhusiwa kuiuza. Inakubali hadi safu 32 za shaba. Bodi nyingi za kawaida zinahitaji mbili.

Dhana hii ina chimbuko. Toleo la bure la EAGLE, programu nyingine ya kuchora bodi, liliwekewa mpaka wa safu mbili na eneo la sentimita za mraba 80, watu wakadhani kila cha bure kimefungwa hivyo.

Ukipitisha njia ya shaba katikati ya nyingine mbili, KiCad huzisogeza zipishe. Kabla ya kutuma kazi, endesha ukaguzi wa kanuni: palipobanana kupita kiasi patawekewa alama. Kisha toa faili za Gerber, aina ileile ambayo kiwanda hupokea kutoka kwa programu za mamilioni ya shilingi.

Gharama iliyopo ni muda. Kifaa adimu kisichokuwemo kwenye maktaba ya KiCad, yaani mkusanyiko wake wa vifaa vilivyokwisha kuchorwa, utakichora mwenyewe, huku ukipima nafasi kati ya miguu yake kwa kalipa.