Zanzibar Sawa, Visiwani Siyo

Wageni wakishajua kuwa kazi yangu ni kuchora ramani na kwamba ni mzaliwa wa Unguja, haupiti muda wataniuliza kama hatuudhiki kuitwa kwa jina tulilopewa na watu wa nje. Wanakusudia Zanzibar. Wameshasoma kuwa asili ya jina hilo ni Uajemi na Uarabuni, wamemsikia mwenyeji akisema Unguja, na sasa wanangoja nianze kulalamika. Sina malalamiko hayo. Zanzibar limetukaa, na ukitaka kuona watu wamekasirika, jaribu kutunyang'anya. Majina yanayotukera yapo, lakini si yale ambayo mgeni anayadhania. Moja kubwa ni la Kiswahili safi, na tumepewa na ndugu zetu.

Tuanze na hilo Zanzibar. Zamani halikuwa jina la kisiwa. Wasafiri wa Ghuba walilitumia kwa mwambao mrefu wa Afrika Mashariki, nchi ya Wazanji kama walivyowaita watu wa huku. Marco Polo, ambaye hakuwahi kukanyaga pande hizi, aliandika habari za kisiwa kikubwa cha Zanghibar chenye mzunguko wa maili 2,000. Unguja hata kilomita 90 kwa urefu haifiki. Kadiri mabaharia walivyozidi kujua walipo, ndivyo jina lilivyopungua eneo, mwisho likabaki kwetu. Muda wote huo wenyeji walikuwa na jina lao. Waandishi wa Kiarabu wa karne ya 9 tayari wanataja Lanjuya, ambayo wanahistoria wanaisoma kuwa ndiyo Unguja, na mabaki ya mji wa kale wa Unguja Ukuu yapo kusini mwa kisiwa kwa anayetaka kwenda kuyaona.

Mwenyeji hayapiganishi majina haya mawili, kila moja analipa kazi yake. Nikiwa Dar es Salaam au Muscat nasema natoka Zanzibar. Nikiwa Chake Chake, kisiwani Pemba, nikasema kesho narudi Zanzibar, atakayenisikia ataniuliza, "Kwani hapa ulipo ni wapi, bwana?" Hapo lazima niseme narudi Unguja. Kitambulisho kilicho mfukoni mwangu kinaniita Mzanzibari Mkaazi. Hakipo kinachomwita mtu Muunguja au Mpemba. Na Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ulichaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, kimejengwa juu ya lahaja ya Kiunguja. Wataalamu wa lugha hawakuiita Kizanzibari, na walifanya vyema, maana Pemba kuna lahaja zake na Tumbatu kuna yake.

Kidonda cha kwanza kiko hapo hapo, na wenye kidonda ni Wapemba. Ramani nyingi za Kiingereza, za zamani na za leo, huandika Zanzibar juu ya kisiwa cha Unguja peke yake, halafu Pemba ikaandikwa Pemba. Msomaji wa mbali ataelewa nini zaidi ya kwamba Zanzibar ni hapa na Pemba ni mahali pengine? Ramani za watalii ndizo zimezidi. Pemba iko kiasi cha kilomita 50 kaskazini mwa Unguja, karatasi haitoshi, kwa hiyo hukatwa na kutiwa kwenye kisanduku pembeni, tena mara nyingi kwa kipimo kidogo zaidi, ionekane kijisiwa. Mwenzangu mmoja wa kazi, mtu wa Wete huko Pemba, kila akiona ramani ya namna hiyo husema, "Wametutia kwenye kasha tena." Huwa anacheka akisema hivyo. Ila ramani ile haitundiki ukutani mwake.

Jina la "visiwa vya viungo" linakitonesha kidonda hicho hicho. Ni jina la biashara. Mgeni aliyevutwa nalo hupelekwa Kizimbani au Kidichi, huku huku Unguja, akaoneshwa mdalasini, mlangilangi na mkarafuu, akavishwa kofia ya majani ya mnazi, akarudishwa hotelini. Karafuu zenyewe nyingi ziko Pemba. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo sehemu kubwa ya zao hilo imekuwa ikitoka kule. Mpemba anayepanda juu ya mti na kuanika karafuu kwenye majamvi anasikia nchi ikisifiwa kwa jasho lake, na sifa zinashukia Unguja pamoja na watalii. Waarabu waliiita Pemba Al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani. Hilo sijapata kumsikia Mpemba akilikataa. Ukishavuka vilima vile wakati wa masika, utabisha nini?

Yapo majina yanayokera kwa sababu ni ya uongo tu. Mbele ya Forodhani, pwani ya mjini Unguja, mwendo mfupi wa boti, kuna kisiwa cha Changuu. Wavuvi hulihusisha jina hilo na samaki changu. Vipeperushi vya utalii vinakiita "Prison Island". Jengo la jela lipo kweli, lilijengwa mwaka 1893 kwa amri ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, lakini wafungwa waliokusudiwa hawakuletwa. Likageuzwa karantini, abiria wa meli wakikaa humo mpaka ijulikane kama hawana homa ya manjano au maradhi mengine ya kuambukiza. Kisiwa basi kimepewa jina la kazi ambayo jengo lake halikuifanya. Mgeni anateremka botini na uso wa huzuni, tayari kuona pingu, anapokewa na kobe wakubwa wa asili ya Shelisheli wanaotafuna majani. Mzee mmoja aliyevua maji yale tangu udogoni alinikatiza nilipolitaja jina la Kiingereza: "Mwanangu, jela iko Kiinuamiguu. Kule ni Changuu." Jirani yake, Chapwani, wanakiita "Grave Island" kwa makaburi ya mabaharia wa Uingereza, wakiwemo waliokufa manowari ya Pegasus ilipozamishwa na Wajerumani Septemba 1914. Hapo angalau makaburi yapo.

"Stone Town" silijali sana. Wakaazi wenyewe husema mjini tu, au humtajia mtu mtaa, Shangani, Kiponda, Mkunazini, Malindi, na jina hilo la Kiingereza limepata nguvu tangu UNESCO ilipoutia mji kwenye orodha yake ya urithi wa dunia mwaka 2000. Kinachonishughulisha ni upande uliobaki nje ya mstari. Zamani palikuwa na hori lililoingia mpaka Darajani na kuutenga mji wa mawe na makaazi ya upande wa pili, na makaazi hayo yakaitwa Ng'ambo. Jina hilo linakwambia alipokuwa amesimama aliyelitoa: hakuwa Ng'ambo. Wakoloni nao wakapahesabu kuwa ni mtaa wa wenyeji, kana kwamba mji wenyewe unaishia kwenye maji. Hori likafukiwa, maji yakaondoka, jina likabaki. Ungetarajia watu wa huko walichukie. Nenda Kikwajuni au Mwembetanga ukawaulize. Siti binti Saad alitoka Fumba akaja kuishi Ng'ambo, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay na kusikika mwambao mzima. Una hadithi nyingi za namna hiyo mtaa ule, na watu wake hujigamba nazo. Walioambiwa wako ng'ambo ndio waliokuwa wengi, na mji mkubwa wa leo umekulia upande wao.

Kwa nini hilo likapendwa na "Wahadimu" lisipendwe? Vitabu vya enzi ya Mwingereza viliwaita hivyo watu wa kusini na mashariki ya Unguja, raia wa zamani wa Mwinyi Mkuu, mtawala wa kienyeji aliyekuwa na kasri lake Dunga, na lugha yao ikaandikwa Kihadimu. Nenda Makunduchi ukamwite mtu Mhadimu. Hatakupiga, watu wa kule ni waungwana, lakini mazungumzo yatapoa. Neno hilo lina harufu ya utumishi ndani yake, na walioitwa hivyo hawakupata nafasi ya kuligeuza liwe lao, kwa sababu lilikaa kwenye vitabu na madaftari ya serikali, halikukaa barazani. Wao hujiita Wamakunduchi, na lugha yao Kikae. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, ilipochapisha kamusi ya lahaja hiyo iliiita Kimakunduchi, na ndivyo ilivyostahiki. Bado nakutana na ramani za makabila zenye Wahadimu kwa herufi kubwa, zimenakiliwa moja kutoka nyingine bila mtu hata mmoja kupanda gari la Makunduchi akaulize.

Sasa lile la ndugu. Tangu Muungano wa Aprili 1964 tumezoea kusomeshwa skuli kuwa kuna Tanzania Bara na Tanzania Visiwani. Neno visiwani halina kosa lolote la lugha, kila mtu analielewa, na kwa Mzanzibari wa kawaida linachoma kuliko jina lolote la mzungu. Mafia ni kisiwa, nayo imo Mkoa wa Pwani. Ukerewe ni kisiwa, nayo imo Mwanza. Hakuna anayewaita hao watu wa Visiwani. Kwa hiyo neno hilo halielezi jiografia, linachukua nchi iliyokuwa na jina na kuiacha na sifa ya kuzungukwa na maji. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliposema bungeni kuwa Zanzibar si nchi, zogo lililozuka kwetu lilivuka vyama, CCM na CUF wakasema lugha moja, jambo ambalo miaka ile halikuwa rahisi. Mabadiliko ya kumi ya Katiba ya Zanzibar, mwaka 2010, yakaandika wazi kuwa Zanzibar ni nchi. Mimi si mwanasheria na sitaki kuingia kwenye mabishano ya hadhi ya nchi kimataifa. Nasema tu kwamba wageni wanaoniuliza kuhusu jina la Kiajemi wanatafuta moto pasipo na moshi.

Na bara hawaishii hapo. Dukani Kariakoo, Muunguja mwenye kanzu na kofia ataitwa Mpemba hata ajieleze vipi. Tunanung'unika. Halafu jioni tunarudi barazani na kumwita kila mtu wa Komoro Mngazija, awe ametoka Ngazija, Nzuani au Mwali. Mtu wa Nzuani hukaa kimya kwa adabu, kama Muunguja anavyokaa kimya Kariakoo. Wao pia wana mzigo wao, maana ramani za Kifaransa zimewaandikia Grande Comore, Anjouan, Mohéli na Mayotte, majina ambayo ukiyatamka kijijini kwao watayajibu, kisha wataendelea kusema ya kwao.

Katika kazi yangu, tabu ni kwamba mwenyeji ni mpole mno. Ukimuuliza "hapa panaitwaje?" atakupa jina analodhani wewe unalijua, mara nyingi la hoteli iliyo karibu. Swali linalofaa ni jingine: "Mkitoka nyumbani asubuhi, mnaaga mnakwenda wapi?" Hapo ndipo majina yanapomiminika. Akina mama wanaolima mwani wana majina ya vipande vya pwani kavu ambavyo maji yakijaa huvioni. Wavuvi wana majina ya kila mlango wa mwamba, kila kilindi, kila diko wanapoegesha vyombo vyao. Mradi wa kuvipiga picha visiwa vyote kwa droni ulioanza mwaka 2016 ulitupa picha safi ya kila mnazi na kila paa, lakini majina hayaonekani kutoka juu, na kwenye ramani za intaneti nafasi iliyo wazi hujazwa na mwenye mtandao mzuri, yaani mwenye hoteli. Diko lililotumika tangu mababu linapotea chini ya jina la baa ya ufukweni. Chombo kikipinduka usiku, anayepiga simu atataja jina la mwamba, na anayepokea ana ramani yenye jina la baa.

Kwenye karatasi ninazochora mwenyewe, Unguja inaandikwa Unguja, Pemba inaandikwa Pemba kwa herufi za ukubwa ule ule, na Zanzibar nalitandaza juu ya bahari kati ya visiwa viwili, herufi zikiwa mbali mbali. Kisanduku sitii, karatasi ikiwa ndogo naikuza. Changuu naandika Changuu. Jina la Kiingereza nilikuwa nimelifuta kabisa, mpaka vijana wa boti pale Forodhani walipoiona rasimu na kunijia juu. Wao wenyewe kwa wenyewe husema Changuu kutwa nzima, lakini mteja, waliniambia, anakuja na jina la jela kwenye simu yake, na asipoliona kwenye ubao atapanda boti ya mwingine. Nimelirudisha, kwa herufi ndogo, chini ya lile la kwanza.