Zaka si lazima iwe asilimia kumi
Wapo Wakatoliki wanaoamini kwamba wasipotoa asilimia kumi kamili ya mshahara wametenda dhambi, hata kama ada ya mtoto haijalipwa. Sivyo. Kanuni ya 222 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamtaka muumini asaidie mahitaji ya Kanisa, ila haitaji kiwango. Katekisimu, yaani kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 2043, inasema kila mtu atoe kwa kadiri ya uwezo wake. Barua kwa Timotheo ni kali zaidi: asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Tim 5:8). Basi mume na mke wakae na daftari, waandike kodi, unga, ada, na kiasi cha bahasha ya zaka. Mwenye kipato kikubwa naye asijifiche hapa: kwake hata kumi huenda ikawa kidogo.